Mwanangu Alifundishwa Kusema Hapana

Mwanangu tunamwita Kidosho. Ni fundi cherehani. Yeye anashona, mimi nakata vitambaa, na mdomo wake haupumziki. Kisha saratani ya damu ikamkamata. Alipewa dawa kali, akapata nafuu. Lakini daktari akasema bado. Ilibidi apandikizwe seli changa za kuzalisha damu. Kaka yake ndiye angezitoa.

Kabla ya hapo alitakiwa apimwe moyo. Hapo ndipo ndugu yangu aliponipandisha hasira. Yeye ni dereva wa lori, kwa hiyo anajua kila kitu! Alikuja kumfundisha mpwa wake kama anayekwenda kutafuta leseni.

"Wakikuuliza, unachoka?"

"Hapana, mjomba."

"Miguu inavimba?"

"Hapana."

"Safi! Ukisema ndiyo, wanakufuta kwenye orodha ya kupandikizwa."

Nikamwambia, "Kaka, huyu analalia mito mitatu! Akilala chali pumzi inakata. Viatu havimwingii!"

"Dada, wasiwasi wako utamkosesha mtoto matibabu."

Kidosho naye akanigeukia. "Mama, tafadhali usiniharibie."

Jamani! Niharibu nini?

Hospitalini, nesi wa kitengo cha moyo akamuuliza. Kidosho akajibu hapana, hapana, hapana, huku amevaa kandambili zangu kwa sababu ya uvimbe. Uvumilivu ukaniishia.

"Muongo huyo! Nesi, hebu bonyeza mguu wake."

Nesi akabonyeza. Shimo likabaki pale pale. Kidosho akaangua kilio. "Sasa mtanifuta!"

"Nani kakwambia kazi yetu ni kufuta watu?" Nesi alishusha pumzi. "Kila mara tunaletewa wagonjwa waliokariri majibu. Sikiliza, dada. Dawa ulizotumia mwanzo zinaweza kuudhoofisha moyo. Kabla ya kupandikizwa utapewa nyingine kali, na maji mengi ya dripu. Moyo dhaifu unaweza kuelemewa, au ukaanza kupiga ovyo. Tukijua mapema, tunautibu kwanza, tunachagua dawa zinazokufaa, tunauchunga."

"Si mnapiga picha ya moyo?" nikauliza.

"Tunapiga, mama. Tunapima damu na mapigo pia. Lakini picha haituambii kwamba mtu analalia mito mitatu. Hilo lazima aseme mwenyewe."

Picha ikaonyesha kweli moyo unasukuma damu kwa shida. Upandikizaji ukaahirishwa. Kidosho akapewa dawa za moyo, uvimbe ukapungua. Ndugu yangu akaninunia. Na anune!

Kidosho alipopata nguvu, madaktari walibadilisha mpango wa dawa, wakampandikiza huku mashine ikifuatilia mapigo yake. Siku moja mchana moyo ulianza kwenda mbio ovyo. Nilipiga kelele, lakini manesi walikuwa wameshafika kitandani. Walijua hilo linaweza kutokea. Dawa ilikuwa tayari. Ukatulia.

Sasa amerudi nyumbani. Asubuhi anapima uzito, maana uzito ukipanda ghafla huenda maji yanajaa mwilini.

Ninyi mnaouguza, msimfundishe mgonjwa kumdanganya daktari. Pumzi ikikata, aseme. Miguu ikivimba, aseme. Asiposema yeye, semeni ninyi.

Juzi tulienda kliniki. Nesi akauliza, "Unajisikiaje?" Kidosho akaanza kueleza: usingizi, pumzi, vidole, hadi ukucha. Waliokuwa kwenye foleni wakaanza kulalamika kwamba anawachelewesha.

Waache walalamike. Mwanangu yuko hai.