Kitufe Namba Mbili

Jioni ile nilipitia gereji kuchukua gari. Oili mpya, bushi mpya za mbele, na kiti.

Kiti ndicho kilichonipeleka.

"Nimetoa fyuzi yake," fundi aliniambia, akaniwekea kwenye kiganja kitu kidogo cha bluu. "Sasa hakina umeme hata chembe. Kikisogea tena usiniletee mimi, peleka kanisani au msikitini, utakapoona panakufaa."

Tunamwita Taratibu, kwa sababu hajawahi kuharakishwa na mtu. Lakini siku ile alikuwa na haraka ya kunitoa pale. Nilipowasha injini aliinama dirishani, akasema kwa sauti ya chini, "Nilipolala chini ya hicho kiti nilisikia harufu ya sabuni ya kunyolea. Wewe unanyoa na nini?"

"Mashine ya umeme."

Akagonga paa mara mbili, kama mtu anayemruhusu ng'ombe aende zake.

Niliiweka ile fyuzi mfukoni mwa shati, nikaingia barabarani. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro.

Mimi ni fundi wa mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo. Nina hospitali nne, na kuzizungukia zote ni kilomita mia tatu na kumi kwa siku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Wenzangu wa kazi kama hii huendesha vigari vidogo visivyojua kiu. Mimi naendesha saluni nyeusi ya zamani, silinda sita, gari lililotengenezwa kwa ajili ya watu wenye haraka, na sasa limefika kilomita laki tatu na elfu themanini. Wauguzi hunicheka. Unakuja kazini au mashindanoni, huniuliza.

Mimi huwajibu kwamba lina raha. Ukweli ni kwamba mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita, binti yetu yuko ng'ambo na hupiga simu Jumapili, na nyumba yangu ina ukimya ambao ukifungua tu mlango unakujia usoni. Ndani ya gari lile kulikuwa na kitu kinachonguruma mbele yangu saa tano kwa siku. Nilikuwa nimefikia hatua ya kulisemesha. Kilima kile tunakiweza, naliambia. Leo umekunywa sana, naliambia.

Nililinunua kwa dalali miezi saba kabla. Alisema mwenyewe amefariki na ndugu hawataki kuliona. Sikuuliza la zaidi. Nani ana muda wa kumuuliza dalali la zaidi.

Mlangoni, upande wa dereva, kuna vitufe vitatu. Ukibonyeza kimoja, kiti kinajisogeza chenyewe mpaka pale ulipokifundisha. Cha kwanza nilikifundisha mimi. Cha pili kilikuwa cha yule marehemu, na kwa kipimo chake alikuwa mrefu kweli, maana kiti kilikwenda nyuma kabisa na usukani ukashuka. Nilikifuta. Nikakifuta tena. Kila asubuhi nilipofungua gari, kiti kilikuwa nyuma, kimeinama kidogo, kama mtu ametoka kuinuka sasa hivi.

Nilisema ni waya. Magari ya umri ule ni waya mpaka kwenye roho.

Basi nikawa barabara kuu, jua linashuka kulia kwangu, kilomita arobaini mpaka nyumbani. Mwendo mia na ishirini. Injini ilikuwa tamu kwa oili mpya. Malori yalikuwa machache. Nakumbuka nilikuwa nawaza kama nipike au nile mkate tu.

Jua likagusa ardhi.

Zzzzz…

Nilidhani ni simu.

Zzzzzzz…

Kiti kilikuwa kinarudi nyuma. Polepole, bila kusitasita, na mimi juu yake. Nilishika mfuko wa shati. Fyuzi ilikuwa pale.

Usukani ukashuka, ukagusa mapaja. Mguu wangu ukateleza kwenye pedali ya mafuta, ukabaki hewani.

Mwendo haukupungua.

Nilijivuta mbele kutafuta breki. Mkanda ukanikaza kifuani, ukanirudisha kama mkono. Nilijinyoosha mpaka kidole gumba cha mguu kikagusa pedali ya breki, nikaisukuma. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikashika usukani kwa mikono miwili, na hapo ndipo damu iliponiganda, kwa sababu haukuwa umekwama. Ulikuwa laini. Ulikwenda kushoto kidogo, kulia kidogo, kufuata barabara, kama mtu mwingine ameushika na mimi nimemwekea mikono juu ya mikono yake.

Sabuni ya kunyolea. Ilijaa gari zima.

"Nani?" nilisema.

Tik… tik… tik…

Taa ya kukata kona. Kushoto.

Kilichonitisha kuliko vyote ni kwamba aliyekuwa anaendesha alikuwa anaendesha vizuri. Alipunguza mwendo mapema. Alipisha lori. Alikata kona ya barabara ya vumbi ambayo sijawahi kuipita maishani mwangu, na akalikwepa shimo ambalo halikuonekana mpaka tulipokuwa tumelipita. Mtu hukwepa hivyo kwenye barabara aliyoipita mara elfu.

Nilihesabu kwenye dashibodi. Kilomita ishirini na tatu. Niliomba kila dua niliyofundishwa na mama yangu, na nyingine nilizitunga.

Gari likasimama mbele ya geti la bati. Honi ikalia yenyewe, mara moja, fupi, ya adabu.

Injini ikazima.

Ndani ya ule ukimya nilisikia mtu anavuta komeo. Geti likafunguka. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, miaka sabini na kitu, ana kurunzi mkononi na tepu ya kupimia nguo shingoni. Alikuja moja kwa moja hadi dirishani kwangu, anatabasamu tayari.

"Umechelewa leo, mwanangu," alisema.

Kisha mwanga ukanifika usoni.

Hakupiga kelele. Tabasamu lilimtoka taratibu tu. Alimulika kiti kilivyokwenda nyuma, akamulika miguu yangu inayoning'inia mbali na pedali, akazima kurunzi.

"Shuka, baba," alininong'oneza. "Shuka upesi kabla hakijasogea tena."

Nilishuka. Alinishika mkono kama mtoto, akanikalisha jikoni, akaniwekea maji. Mezani kulikuwa na sahani mbili, zimefunikwa. Pembeni, cherehani na rundo la sare za shule za watu. Nilimwambia kila kitu: dalali, kitufe, fyuzi. Alisikiliza bila kunikatiza, anaikunja na kuikunjua ile tepu.

"Ni la mwanangu," alisema mwishowe. "Alikuwa mpima barabara. Alizunguka nalo kote, kila siku, mwendo kama wa kichaa. Nilikuwa naye peke yake. Baba yake aliondoka jioni moja kwenda kununua betri za redio, hakurudi. Hatukupata hata kiatu. Basi na huyu akawa anachelewa. Mara saa tatu, mara saa sita… mara amelala kwenye gari huko porini. Mimi nakaa hapa naangalia geti."

"Ukafanya nini, mama?"

Hakunitazama.

"Kuna mtu alinielekeza. Uzi wangu mwenyewe, nywele za mwanangu mwenyewe. Kila fundo nimwite jina, nimwambie rudi. Alifanya kazi siku sita, nikafunga mafundo sita. Nikayashonea ndani ya kiti, yeye akiwa amelala. Na akarudi, baba. Kuanzia siku ile, jua likizama, honi iko getini. Miaka minne. Kazi ikamshinda, kwa sababu jua likishuka tu huacha kila kitu. Rafiki zake wakamchoka. Mchumba akamwacha. Mimi nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilikula na mwanangu kila jioni."

Alikunywa maji kwenye glasi yangu.

"Akaugua. Wakamlaza. Daktari aliniambia hatafika asubuhi. Alifika. Siku tatu, baba. Kila jua likizama anainuka kitandani, macho yamefumba, anatafuta viatu chini ya kitanda. Wauguzi wawili hawamwezi. Anasema, naenda, mama ananingoja. Na mimi nimekaa palepale pembeni yake. Hakuniona."

Nje, kwenye gari, kitu kililia kidogo. Zz. Kikanyamaza.

"Siku ya nne alikufa, saa kumi. Magharibi ile ile nilikuwa hapa na majirani, nikasikia honi. Nikaenda kufungua. Hapakuwa na gari. Ndugu wa baba yake wakaliuza bila kuniambia. Nimeisikia honi kila jioni tangu hapo, nafungua geti, hamna kitu. Leo ndiyo mara ya kwanza gari limekuja kweli."

Nilimwambia, kwa upole nilioupata sijui wapi, kwamba lazima ayafungue yale mafundo.

"Najua," alisema. "Nimezeeka nikijua."

Tulitoka pamoja. Nilishika kurunzi. Alipapasa ubavu wa kiti kwa vidole vya fundi cherehani, akaupata mshono ambao Taratibu na miaka yake thelathini ya kazi hakuuona, akaufumua kwa ncha ya mkasi. Akatoa kitambaa kidogo, kimekunjwa. Harufu ile ikatupanda usoni, ikatulia.

Tulirudi mezani. Chini ya taa alikunjua kitambaa. Uzi mweusi, umefungwa na nywele nyeusi. Alifungua fundo la kwanza kwa kucha, analiambia neno ambalo sikulisikia. La pili. La tatu lilimshinda, akatumia meno. La nne, la tano. Alipofungua la sita, kitu kilipita pale jikoni kama mtu anayebana tumbo ili asikuguse mahali pembamba. Mlango wa nyuma ukafunguka kiasi cha kiganja, ukajifunga.

Bibi alilia bila sauti. Nilimshika bega.

Kisha nikaona hajauweka uzi chini.

"Baba," alisema. "Hili si langu."

Kulikuwa na fundo la saba.

Lilikuwa mwisho kabisa, uzi mweupe umeunganishwa kwenye ule mweusi. Uzi mpya. Halikuwa na vumbi. Na nywele zilizofungiwa ndani yake zilikuwa fupi, nzito, za mvi.

"Mwanangu hakuwahi kuota mvi," alisema.

Mimi kichwa changu ni cheupe tangu msiba. Taratibu ana kipara kama yai. Hakuna mtu mwingine aliyeshika ufunguo wa gari lile miezi saba. Nilimtazama bibi, nikaitazama cherehani. Uzi uliokuwa juu yake ulikuwa wa bluu, wa sare.

"Mafundo yako yalikuwa sita," nilisema. "La saba ni la siku gani?"

"Jumapili," alijibu. Tena haraka.

Alishika mkasi. "Nikate?"

Ningepaswa kusema kata. Mtu yeyote angesema kata. Lakini sahani mbili zilikuwa pale, na mvuke ulikuwa unatoka chini ya mfuniko, na ilikuwa miaka mitatu tangu mtu aniambie nimechelewa.

"Acha kwanza," nilisema. "Tule."

Tulikula. Supu na mkate. Aliponisindikiza getini aliniuliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo, kesho nitapita saa ngapi. Nilifungua mdomo niseme sijui, nina kazi mbali. Nikajisikia nasema, "Jua likizama."

Ni miezi kumi na moja sasa. Kiti hakijasogea tena, kiko pale pale nilipokiweka. Usukani ninaushika mimi, taa ya kona naiwasha mimi. Naongeza kilomita arobaini na sita kila siku, na Jumapili pia. Binti yangu anasema siku hizi sipokei simu.

Wiki iliyopita nilikuwa hospitali ya tatu, nimefungua mashine yenye hitilafu, na mgonjwa wake, mwalimu mmoja mstaafu, amekaa anaisubiri. Mirija iko nje, vifaa viko sakafuni. Nakumbuka nilitazama dirishani, nikaona anga limekuwa jekundu. Kinachofuata nakumbuka niko barabara kuu, mwendo mia na sitini, mikono yangu ina maji ya mashine, na simu inalia kitini. Alikuwa muuguzi. Alikuwa ananiuliza kwa nini nimeondoka katikati ya sentensi. Walimhamishia yule mwalimu mashine nyingine kwa shida sana. Aliokoka. Nilijaribu kugeuza gari, nakuapia nilijaribu. Mikono ilikuwa yangu, na haikugeuza.

Jioni ile, geti lilipofunguka, sikusalimia. Nilimwambia, "Mama, lete mkasi. Likate lile fundo."

Aliinamisha kurunzi, ikamulika miguu yake.

"Siku ile nilikuuliza," alisema polepole. "Sasa usiniulize wewe."

"Ulilifunga wewe, mama?"

"Hapana."

"Basi nani?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa ambaye hajaambiwa. Akanishika mkono, akanivuta ndani, akarudisha komeo la geti nyuma yetu.

"Chakula kinapoa," alisema.

Nikaenda nikakaa.