Kisu cha Jaji Tolliver

Rafiki yangu Lemuel Prather, karani wa mahakama ya wilaya yetu hapa Indiana, si mtu wa kuongeza chumvi. Ninaandika kama alivyonieleza.

Jaji Tolliver, aliyewahi kuwa wakili kisha mbunge wa jimbo, alizoea kuchonga kijiti cha mwerezi huku akisikiliza kesi. Kisu kikinyamaza, tulijua ameshaamua. Siku ya kesi ya Asa Kimble, aliyeshtakiwa kwa mauaji, kilinyamaza mapema, na Asa akanyongwa. Mwaka uliofuata mtu mwingine alikiri mauaji yale. Jaji alikifungia kisu kwenye mtoto wa meza yake ya mahakamani, na hakuchonga tena hadi alipofariki.

"Lem, mwanangu, kaniletee kile kisu," mjane wake alisema mchana wa mazishi. "Tumzike nacho. Pengine huko atapumzika."

Madirisha ya mahakama yalikuwa yamezibwa kwa vitambaa vyeusi vya msiba. Lemuel alikwenda akipapasa gizani, na alipokaribia meza ya jaji akasikia kwaru, kwaru, kwaru. Alidhani ni tarishi, mtu wa mizaha.

"Silas, acha upuuzi! Mzee hata hajazikwa!"

Sauti haikukoma. Alifungua mtoto wa meza. Kisu kilikuwamo, kimeshikwa na kutu, hakikunjuki. Akakitia mfukoni, akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo.

Alisimama barazani, kisu kiganjani, akingoja sauti ile ikome. Kengele ya mazishi ilianza kulia, na huko ndani mti ulikuwa bado unachongwa, polepole.