Tante Honorine Aliniita Kinkula Siku ya Mahari Yangu

"Mubebe bintu byenu, murudi kwenu! Huyu mutoto iko kinkula!"

Bandugu, aliyepiga kelele hizo hakuwa jirani. Hakuwa adui. Ni Tante Honorine, dada ya baba yangu, aliyenilea tangu mama afe!

Na ilikuwa siku ya mahari yangu. Kwetu mtaa wa Ruashi, sebule imejaa, mbuzi wa mahari amefungwa uani, familia ya mchumba wangu Gauthier wamekuja na vitenge vipya...

Kama hujui kinkula, sikiliza. Ni mtoto anayeota meno ya juu kabla ya ya chini. Wazee wetu wa kaskazini ya Katanga wanasema anabeba kifo, nyumba atakayoingia watu watakufa.

Mama Wivine, mama ya Gauthier, akashika kifua.

"Mungu wangu! Na mulitaka kutuficha?"

"Njo maana nasema," Tante akajibu. "Kesho muntu akikufa kwenu, mutasema tulijua."

Nikamtazama Gauthier. Miaka mitatu ya mapenzi! Nikangoja aseme neno moja tu.

Gauthier akainuka... akaenda kusimama mlangoni!

Mnadhani nililia? Thubutu! Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nikatoa simu.

"Mama Wivine, mbele ya kuenda, angalia hii."

Ilikuwa picha ya radio, yaani eksirei, ya meno yangu. Mimi navaa vyuma vya kunyoosha meno, na Dokta Kasonde alinipiga radio hiyo kabla ya kunifunga, aone mizizi imelala vipi.

"Hapa chini, mbele, unaona meno mbili za katikati?"

"Sioni kitu."

"Hakuna! Ata mizizi hakuna! Hazikung'oka, hazikuoza. Dokta anasema hazikuumbwaka tangu tumboni, za utoto na za ukubwa. Sasa ningeota nini chini? Njo maana za juu zilitangulia!"

Nikawageukia ndugu zangu.

"Na dokta anasema inapitaka kwa damu. Pengine kuko mwingine kwa familia yetu."

Hapo nikamwona baba yangu, Papa Léonard, anamkazia macho dada yake.

"Honorine... sema."

"Yaya, kaka yangu, hapana!"

"Basi nitasema miye. Honorine pia alianza na za juu. Mama yetu alituapisha tunyamaze. Zile za chini anavaa za kununua."

Tante akaanguka chini akilia. Waume wawili aliwazika huyu mama. Miaka yote hiyo aliamini ni yeye aliyewaua!

"Chancelvie, mwana wangu... niliogopa utazika bwana kama miye."

Hasira yangu kwake ikaisha palepale. Nikakaa chini nikamkumbatia.

Mama Wivine akakohoa.

"Bon... kama ni mambo ya meno tu, tuendelee."

Gauthier huyo, karudi kitini, meno yote nje!

"Chérie, unajua miye nilikuamini..."

Eti aliniamini! Akiwa mlangoni!

Ndipo Papa akaniuliza mbele ya wote, kama baba anavyopaswa kuuliza siku hiyo:

"Mwana wangu, tupokee bintu bya aba bantu? Tukule mbuzi yao?"

Nikasimama.

"Hapana, Papa. Barudi na mbuzi yao."

"Chérie!"

"Gauthier, mlango unaujua."

Wakaondoka. Mbuzi naye akalia mpaka barabarani.

Jumatatu nikampeleka Tante kwa Dokta Kasonde. Radio yake ikatoka: pengo lilelile, mahali palepale. Akaishika ile picha kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo, Dokta... sikuua muntu?"

"Hapana, Mama. Ulikosa tu meno mbili."

Wazazi, mtoto akianza na jino la juu, mpelekeni kwa dokta wa meno, msimtupie maiti za watu. Na wewe dada yangu, mwanaume anayekimbilia mlangoni kabla hajakuuliza hata swali moja, mwache apite. Usimwite nyuma!