Alichokuwa Akiomba Bibi Dahiba

Kila Alhamisi saa kumi jioni, Nagat alivua aproni ya kiwanda cha peremende mjini Damanhur, akasimama kando ya lango, akapiga simu Aleksandria. Kwa treni ni mwendo wa saa moja tu. Lakini Nagat hakupanda treni. Alipiga simu.

"Nyumba ya Nuru, karibu."

"Mimi ni binti yake Bibi Dahiba, chumba cha sita. Anaendeleaje?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Amekula, ametulia."

"Naweza kuongea naye?"

"Ukimpa simu haongei, dada. Anaitazama tu."

"Basi msalimieni."

Alikata simu, akaenda sokoni kununua bamia na mkate. Moyo ulikuwa umetulia, kiasi.

Mama yake alikuwa ameishi nyumbani kwa Nagat miaka miwili. Kisha kumbukumbu ikaanza kumpotea. Mara mbili aliacha gesi wazi. Siku moja walimkuta stesheni, yu peku, anamsihi mkata tiketi amkatie ya kwenda kijijini kwao. Kijiji chenyewe, huko kusini kwa Wanubi, kilifunikwa na maji ya bwawa zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Nagat na mumewe Shaaban walikuwa wakishinda kazini wote wawili. Basi wakampeleka nyumba ya wazee.

Jirani akiuliza, "Mama yuko wapi siku hizi?" Nagat alijibu, "Yuko kwa ndugu zake, kusini." Hata mama yake mdogo, Bibi Shaya, aliyekuwa akiishi huko kusini, Kom Ombo, aliambiwa kwamba dada yake yuko Damanhur na hana neno.

Mwanzo Nagat alikwenda kumtazama kila wiki. Kisha ikawa kila mwezi. Safari ya mwisho ilikuwa kabla ya Ramadhani. Siku hiyo mama alimkazia macho, akamwuliza, "Wewe ni nani, binti?" Nagat alilia ndani ya treni hadi akafika nyumbani. Tangu hapo, hadi ukafika Agosti, hakurudi tena.

"Nagat," Shaaban alimwambia Ijumaa moja wakinywa chai, "simu haina macho. Nenda ukamwone mwenyewe."

"Nikamwone ili aniulize mimi ni nani?"

"Aulize. Wewe unamjua au humjui?"

Nagat aliiweka chini glasi ya chai, akaenda kuvaa.

Joto la siku hiyo lilikuwa kali. Alipofungua mlango wa chumba cha sita, alidhani amekosea chumba. Mwanamke aliyeketi kitandani alikuwa mdogo kama mtoto. Mashavu yalikuwa yamebonyea, midomo imekauka na kupasuka. Nywele zake, hata hivyo, zilikuwa zimesukwa vizuri, na gauni lilikuwa safi. Kando yake aliketi mhudumu mmoja, mwanamke wa makamo aitwaye Samar, amemshika mkono.

"Aman," alisema Bibi Dahiba kwa sauti ya kukwaruza. "Aman. Aman."

"Uko salama, Hajati," Samar akamjibu kwa upole, akampapasa mgongoni. "Uko salama, mpenzi wangu. Hakuna wa kukudhuru hapa."

Kisha akamgeukia Nagat. "Wewe ndiye binti yake? Karibu. Maskini, hofu imemwingia. Wiki ya tatu sasa anaomba usalama kutwa kucha. Tumekihamisha kitanda kisiwe karibu na dirisha. Hata daktari amemwongezea dawa ya kumtuliza."

Kwa Kiarabu, aman ni usalama. Samar alisikia Kiarabu.

Mkoba ulimponyoka Nagat, ukaanguka sakafuni.

"Anataka maji," alisema.

"Nini?"

"Maji! Haogopi kitu! Hicho ni Kinubi! Aman ni maji!"

Alipiga magoti, akapekua mkoba, akatoa chupa yake ya maji. Hakuwahi hata kuifungua vizuri. Mama yake aliidaka kwa mikono miwili, akanywa kama mtu aliyetoka jangwani. Maji yalimtiririka kidevuni, yakalowesha gauni.

"Aman," akasema tena, macho kwa Nagat.

Samar alikuwa amesimama kama mti. Mkono wake uliziba mdomo.

"Wiki tatu," alinong'ona. "Wiki tatu nzima nimekuwa nikimwambia yuko salama."

"Mnamuua mama yangu kwa kiu!" Nagat alipaza sauti. "Nyumba nzima hii hakuna hata mmoja aliyefikiri kumpa maji?"

"Maji tunampa, wallahi! Glasi tunaweka mezani kila mlo. Haigusi. Tulidhani hana hamu."

Kelele zile zilimleta Bi Inaam, mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa nyumba ile. Alimtazama mgonjwa, akaitazama chupa, akaelewa. Hakuuliza mengi.

"Mpe kidogo kidogo, dada. Mengi kwa pamoja yatamdhuru. Samar, mwite daktari upesi."

Daktari alifika, akaivuta ngozi ya mkono wa Bibi Dahiba kwa vidole viwili. Ilibaki imesimama. Alitikisa kichwa. Alisema maji yamepungua sana mwilini, na kwamba siku chache zaidi zingetosha kuharibu figo. Akamtundikia dripu palepale.

Bibi Dahiba aliposhikwa na usingizi, Bi Inaam alimwita Nagat ofisini.

"Nitawashtaki," Nagat alisema. "Mtu mzima anaomba maji, mnambembeleza kama mtoto!"

"Una haki ya kukasirika. Hata mimi mwili wangu umekufa ganzi." Bi Inaam alifungua kabati, akatoa faili. "Ila nataka kuelewa tulipotea wapi. Hii ndiyo fomu uliyojaza siku ulipomleta."

Aliisukuma juu ya meza. Nagat akauona mwandiko wake mwenyewe. Lugha: Kiarabu.

Alilisoma tena neno lile.

Alikumbuka siku aliyokuwa na miaka saba, nje ya lango la shule. Mama yake alimwita kwa Kinubi, na wasichana wakacheka, wakaanza kuigiza. Nagat alimwendea mama yake mbio, akamwambia, "Usinisemeshe hivyo mbele za watu!" Tangu siku hiyo mama alisema Kinubi, naye akajibu kwa Kiarabu, miaka nenda miaka rudi.

"Kiarabu alikijua," alisema polepole. "Alijifunza hapahapa Aleksandria, alipoletwa kama bibi harusi. Alikuwa na miaka kumi na minane. Mimi niliona... niliona haya kuandika hiyo nyingine."

"Uliandika ulivyojua. Na sisi tukatosheka na neno moja, hatukuuliza zaidi," Bi Inaam alisema. "Kosa hilo ni letu, na nitaliandika hivyo kwenye ripoti. Sasa nisikilize, dada yangu. Ugonjwa huu wa kusahau, kwa watu wengi, unafuta kwanza yaliyoingia mwisho. Ya utotoni hubaki muda mrefu zaidi. Lugha ya ukubwani inaweza kumtoka mtu kabisa, akabaki na ile aliyonyonya nayo."

"Ina maana wiki zote hizi alikuwa anaongea?"

"Alikuwa anaongea. Sisi ndio tulikuwa hatusikii."

Nagat aliinamisha kichwa, akalia. Bi Inaam alimwacha alie, kisha akamsogezea karatasi na kalamu.

"Sisi tunajua kumwogesha mtu, kumlisha, kumpa dawa kwa saa yake. Lakini yeye ni nani, hilo mnalijua ninyi. Niandikie. Anapenda kuitwaje? Anakunywa chai ya namna gani? Anaogopa nini? Akiwa na maumivu anafanyaje? Na maneno ya kwao, yale ya kila siku. Tutayabandika juu ya kitanda."

"Mimi mwenyewe nayajua machache tu."

"Andika hayo machache. Mengine tutatafuta mwenye kuyajua."

Nagat aliandika. Aman, maji. Kaba, chakula. Eyyo, ndiyo. Kalamu ikasita. Kisha akauliza lile lililokuwa likimkaa rohoni tangu kabla ya Ramadhani.

"Na kuja kwangu kuna faida gani, Bi Inaam, ikiwa hanijui?"

"Ulipokuja mara ya mwisho, ulimwambia nini?"

"Nilimwuliza, 'Mama, unanijua mimi ni nani?'"

"Ulimtahini, akafeli, mkaumia wote wawili. Usimtahini tena. Ingia, mwambie, 'Mimi ni Nagat, nimekuja kukuona.' Akisahau, mwambie tena, hata mara ishirini. Jina lako linaweza kumpotea, lakini akashindwa vipi kuhisi kwamba aliyemshika mkono anampenda?"

"Akianza kudai kurudi kijijini kwao?"

"Usimwambie kimezama. Kila ukimwambia, kwake ni msiba mpya. Mwulize habari za huko. Mwache akusimulie."

Bi Inaam alifunga faili. "Na ile simu yako ya Alhamisi. Samahani, lakini unaipigia ofisi, humpigii mama. Halafu ni jioni, wakati amechoka na akili imevurugika. Asubuhi baada ya kifungua kinywa ndipo yuko macho. Panga na Samar. Atakaa naye, atamshikia simu ili aione sura yako."

Jioni ile Nagat alimpigia Bibi Shaya na kumwambia ukweli wote.

"Miezi kumi na moja," Bibi Shaya alisema. "Miezi kumi na moja umemficha dada yangu, na mimi namwombea dua huku nikidhani anakula mezani kwako! Nagat! Mimi nimekufa, au umenizika ningali hai?"

"Nilikuwa naona haya, mama mdogo."

"Haya? Haya ni kumwacha peke yake kati ya watu wasiojua hata neno maji! Nyamaza, usinililie. Kesho asubuhi nataka kumwona."

Siku ya pili saa tatu asubuhi, Samar aliishika simu mbele ya Bibi Dahiba. Nagat, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, alisimama nyuma ya kitanda. Uso wa Bibi Shaya ukajaa kwenye kioo, na ushungi wake mweusi.

"Maskagna, Dahiba!" aliita. Ndiyo salamu yao.

Bibi Dahiba aliinua kichwa. Aliinyooshea simu kidole kimoja, akakigusa kioo pale palipo na shavu la mdogo wake. Kisha akaanza kusema. Si neno moja, wala mawili. Alisema mfululizo, mikono ikipaa hewani. Aliuliza, akakemea, akacheka. Walizungumza robo saa.

Samar alitoa macho. "Ya Rabi! Kumbe anaongea hivi! Sisi tulidhani maneno yamemwisha!"

"Anasema nini?" Nagat aliuliza.

"Anauliza kama mitende imeshachavushwa," Bibi Shaya alijibu, machozi yakimtoka. "Na anasema huyo mwanamke anayemsuka nywele ana mikono myepesi, lakini chai yake ni maji ya kuoshea vyombo."

Samar alicheka hadi akajishika mbavu. Kuanzia siku hiyo aliongeza majani na sukari.

Mambo hayakubadilika yote. Kumbukumbu haikurudi, na daktari alisema wazi kwamba haitarudi. Lakini baada ya miezi miwili mashavu yalikuwa yamejaa. Glasi haikuachwa tena mezani. Samar aliitia mkononi mwa Bibi Dahiba kila saa, akisema "aman", naye alikunywa. Daktari aliiondoa ile dawa ya kutuliza. Kila asubuhi ya Jumapili na Jumatano Bibi Shaya alipiga simu, na kila Ijumaa ya pili Nagat na Shaaban walipanda treni. Jirani alipouliza tena mama yuko wapi, Nagat alivuta pumzi, akasema, "Yuko nyumba ya wazee Aleksandria. Ijumaa tunakwenda. Ungependa kuja?" Jirani alikwenda, tena na vitumbua vya shira mkononi.

Naye Bi Inaam alibadilisha fomu. Mahali palipoandikwa "Lugha", sasa paliandikwa "Lugha aliyolelewa nayo." Alizipitia faili za wazee wote thelathini na mmoja, akazipigia simu familia zao moja baada ya nyingine. Kwa njia hiyo ikajulikana kwamba mzee wa chumba cha tisa, aliyeitwa mkaidi mwaka mzima, hakuwa mkaidi hata kidogo. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa tangu ujana, na kila mtu alikuwa akimsemesha upande huo. Mwanawe alilijua hilo. Hakuna aliyemwuliza.

Ijumaa moja ya Novemba, Nagat alikuja na sentensi nzima. Bibi Shaya alikuwa amemfundisha kwa simu wiki nzima, na wenzake kiwandani walishamchoka, kwa jinsi alivyokuwa akiirudia huku akifunga peremende. Aliketi mbele ya mama yake, simu ikiwa wazi kando, Bibi Shaya akisikiliza. Akasema kwa Kinubi, "Mimi ni Nagat, mwanao, nimekuja kukuona."

Bibi Dahiba alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaigeukia simu, akasema jambo. Bibi Shaya aliangua kicheko.

"Anasemaje? Mama mdogo, anasemaje?"

"Anasema msichana huyu ana moyo mzuri, ila Kinubi chake ni cha mtalii. Anauliza mama yake ni nani, na kwa nini hakumfundisha."

Nagat alicheka. Shaaban alimwekea mkono begani.

"Mwambie mama yangu alinifundisha," alisema. "Mimi ndiye niliyekataa."

Bibi Shaya alitafsiri, polepole. Bibi Dahiba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akapigapiga godoro kando yake, mara mbili, akisubiri. Nagat alihamia pale. Mama yake alimshika kidevu, akamgeuza uso, akaweka kidole kwenye ncha ya pua ya Nagat na kutamka neno moja la Kinubi.

Nagat akalirudia.

Bibi Dahiba akatikisa kichwa, akalitamka tena, taratibu zaidi.