Pua ya Mama Mdogo

Kila asubuhi Bapa alijiandaa kwenda shule peke yake, huku cherehani ya mama yake mdogo ikinguruma sebuleni. Jina la Bapa alibandikwa na wanafunzi wenzake kwa sababu ya pua yake pana, nalo likamganda. Wenyewe walikuwa hawajajitazama kwenye kioo. Wakati wa mapumziko alikaa ukutani, hana wa kupiga naye soga.

Nyumbani nako kulikuwa na upweke tangu mama yake ahamishiwe kazi mji mwingine. Akimwomba mama mdogo watoke matembezini, jibu lilikuwa moja: "Siku nyingine, mwanangu." Bapa aliamini kwamba hata yeye anamwonea aibu. Mama mdogo alikuwa na pua nyembamba, iliyochongoka, ambayo kila mtu aliisifu.

Siku moja Bapa alijibana pua kwa kibanio cha nguo ili nayo ichongoke, akapanda ngazi kutoka uani. Kabla hajafika ghorofa ya pili, koo lilimkauka na kifua kikambana. Mama mdogo alimkuta ameketi ngazini, anahema juu juu.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nataka pua kama yako."

Mama mdogo alikitoa kibanio taratibu, akaketi kando yake. Naye alikuwa akihema, kinywa wazi.

"Hii sikuzaliwa nayo," alisema. "Nilifanyiwa upasuaji nikiwa msichana. Njia ya hewa ikabaki finyu. Silali vizuri, na nikitembea kidogo tu pumzi inakata. Ndiyo maana sitoki nawe. Niliona haya kukwambia."

"Nilidhani hunipendi."

"Hapana, mwanangu. Nisamehe."

Juma lililofuata walikwenda pamoja hospitali. Daktari alimpima mama mdogo, akasema njia ile inaweza kupanuliwa, wakapanga siku ya matibabu. Walirudi kwa miguu, polepole, wakipumzika kila alipochoka.

"Si kila anayepasuliwa hupata shida hii," mama mdogo alisema. "Kosa langu ni kwamba sikuuliza nitapumuaje. Niliwasikiliza walionicheka. Usikubali wanaokucheka wakuamulie mambo ya mwili wako."

Bapa alijigusa pua.

"Pua yako ya zamani ilikuwaje?"

Mama mdogo alisimama, akamtazama usoni.

"Ilikuwa hiyo hiyo yako," alisema. "Naikumbuka kila siku."