Sindano Haijiinui Yenyewe

"Mama, chukua hii inayojiendesha. Mkono wako unatetemeka, mama."

Binti yangu alisema hivyo dukani, mbele ya watu, kwa sauti ile anayowasemeshea wagonjwa wodini. Yeye ni muuguzi. Kwake yeye, mtu akishapita miaka sitini ni kitanda namba fulani.

Mbele yetu palikuwa na mashine mbili za kupigia santuri, zote za bei ya wanaoanza, zimefanana kama mapacha. Muuzaji, aliyevaa miwani moja machoni na nyingine ameisahau kichwani, alikuwa ameshatueleza mara mbili. Ya kushoto ni otomatiki. Unabonyeza kitufe, mkono wa mashine unanyanyuka wenyewe, unakwenda juu ya santuri, unashuka, wimbo unapiga. Upande ukiisha, mkono unarudi kulala mahali pake na mashine inajizima. Ya kulia ni ya kuendesha mwenyewe. Unaupeleka mkono, unaushusha, na upande ukiisha usipoinuka kuuondoa, sindano itazunguka palepale mpaka kiama.

"Nataka ya kulia," nikasema.

"Utazikwaruza santuri za baba zote."

"Baba yako aliziacha kwangu, hakuziacha wodini."

Muuzaji akageuza kicheko kikawa kikohozi. Binti yangu hakubishana. Alitoa simu akampigia Mzee Taratibu, akaweka spika ili nisikie kwa masikio yangu.

Mzee Taratibu ndiye fundi aliyekuwa akinitengenezea mashine yangu ya zamani. Jina hilo tulimpa mtaani kwa sababu skrubu moja anaifungua kwa muda ambao mwenzake anajenga choo.

"Shikamoo mzee. Tuko dukani hapa na mama. Tuchukue otomatiki au ya mkono?"

Nilijua atasema ya mkono. Mdomo wangu ukatangulia kutabasamu.

"Marahaba, binti. Mchukulie otomatiki," akasema. "Hiyo haitamsumbua. Hatahitaji mtu."

Mdomo nikaurudisha.

Sasa hapa nikiri jambo, ambalo siku ile binti yangu alikuwa halijui. Mashine yangu ya zamani ilizungushwa na mkanda wa mpira. Kwa miaka mitatu, kila Jumatano nikishamaliza chai, nilifunua sahani yake ya kuwekea santuri, nikauchomoa mkanda kwa ukucha, nikafunika kama sijui kitu. Alhamisi saa tisa Mzee Taratibu anagonga mlango na mfuko wake wa vifaa. Yeye mgane, mimi mjane. Tungesema tunatembeleana, mtaa ungepata cha kutafuna mwaka mzima. Lakini fundi akiitwa kwa mashine mbovu, nani atatia neno? Akishatengeneza lazima aijaribu, na majaribio yetu yalikuwa ya santuri nzima, pande zote mbili, mpaka jua linaelekea kuzama.

Mchezo huo ukanitokea puani. Mkanda, kwa kuchomolewa kila wiki, ulikatika, na wa aina yake haukupatikana popote. Ndiyo tukajikuta dukani. Ile ya mkono, nikihesabu vidole vyangu vinavyotetemeka, ingetaka mtu wa kuishusha sindano. Hiyo ya kujiendesha ingetaka nani? Na leo mwenyewe ndiye aliyesema, kwenye spika, kwamba sitahitaji mtu.

Nikamwomba muuzaji atuwekee zote mbili mpaka Jumamosi. Nyumbani nikaandika ujumbe kwa kidole kimoja:

"Alhamisi usije. Mashine mpya haitakuwa na ugonjwa."

Jibu likaja: "Sawa."

Herufi nne. Nilizihesabu, na mbili kati yake zinafanana.

Nililia kidogo, kiasi cha kijiko. Kisha hasira ikanipanda, na hasira yangu haijawahi kukaa bure. Nimeshona nguo za watu miaka arobaini. Bibi harusi hata mmoja hajaenda kwenye harusi yake na pindo limefumuka. Nikajiambia, kama habari ni kutohitaji mtu, basi sitamhitaji kwelikweli, yeye wala hicho kitufe.

Kesho yake, Jumanne, nikarudi dukani peke yangu. Nikamwambia muuzaji anipe santuri yoyote iliyokwishaharibika nijifunzie. Siku ile sindano iliteleza kama mlevi kwenye ngazi zenye maji. Muuzaji alisema pole mpaka neno likamwisha. Jumatano nikarudi tena. Nikateleza, nikateleza. Kisha nikaona kando ya ule mkono wa mashine kuna kijiti kidogo, hakizidi njiti ya kiberiti.

"Hiki cha nini?"

"Cha kuinulia mkono, mama. Mimi sikitumii."

Nikakisukuma. Mkono wa mashine ukapanda hewani ukakaa. Nikausogeza mpaka ukingoni mwa santuri, vidole vyangu vikicheza ngoma yao, na haikudhuru kitu kwa kuwa sindano ilikuwa juu haigusi chochote. Nikauachia utulie. Nikakirudisha kijiti. Sindano ikashuka polepole, kama paka anayejilaza mapajani mwa mtu. Nikarudia mara kumi na tisa. Muuzaji alitaka kufunga duka na mimi bado nipo.

Alhamisi saa tisa, mlango ukagongwa.

Alikuwa Mzee Taratibu, shati limepigwa pasi, mikono mitupu.

"Nilikuandikia usije," nikamwambia, nimesimama mlangoni.

"Uliandika mashine haina ugonjwa. Sikuja kwa mashine. Huoni hata mfuko sina?"

Nikampisha. Akakaa kwenye kiti chake, maana kwangu tayari ana kiti.

"Ulimwambia binti yangu sitahitaji mtu."

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimechoka kuwa fundi wako, Bi Cherehani."

Nilikaa bila kutafuta kiti. Bahati yangu kilikuwepo.

"Mkanda wa mpira," akaendelea, "hauchomoki wenyewe kila Jumatano. Tena una alama ya ukucha. Miaka mitatu nautazama huo ukucha."

"Kumbe ulijua."

"Tangu mwezi wa kwanza. Niliogopa nikisema utaacha."

Aibu ilinipitia kutoka utosini mpaka kwenye kandambili. Lakini mshonaji hasahau uzi uliolegea.

"Na ile skrubu ya mguu wa nyuma," nikasema, "iliyokuwa ikilegea kila ukishaondoka?"

Akatazama kucha zake.

"Ile ilikuwa akiba," akasema. "Kama siku moja ungesahau mkanda."

Tukatazamana, wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja.

"Nataka kuja hapa huku hakuna kilichoharibika," akasema. "Ndiyo maana nikasema otomatiki. Ijiendeshe yenyewe, nami nikikaa, nijue nimekaa kwa kuwa umetaka nikae. Sasa niambie. Ulikuwa unanitaka mimi, au fundi?"

"Mashine nachukua ya mkono," nikamjibu. "Nimejifunza, sindano naishusha mwenyewe. Kwa hiyo usije kwa ajili ya mkono wangu."

"Nije kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili yangu. Na Jumamosi uje dukani umwambie muuguzi kwa mdomo wako. Mimi nimeshamzaa, sehemu yangu nimeimaliza."

Jumamosi binti yangu alitangulia kusimama mbele ya ile ya kushoto, ameshafungua mkoba. Nikampita. Nikasukuma kijiti, nikasogeza mkono, nikasubiri, nikashusha. Wimbo ukatoka safi, bila mkwaruzo. Alinitazama vidole, akatazama santuri, akanitazama tena.

"Nani amekufundisha?"

"Hasira."

Hapo ndipo alipomwona Mzee Taratibu mlangoni. Akamwamkia, akamwambia amejisumbua bure kuja, hakuna kilichoharibika.

"Ndiyo, binti, hakuna kilichoharibika," akajibu, kwa mwendo wake uleule. "Nimekuja kukuambia nataka kumwoa mama yako. Yeye nimeshamuuliza."

Muuzaji akavua miwani zote mbili.

Binti yangu aliufunga mkoba wake polepole. Nilimzaa mimi, lakini wakati ule sikujua kama atalia au atafoka, na nilikuwa nimeshakata shauri kwamba lolote atakalofanya, sirudi nyuma.

"Alhamisi zile zote," akasema mwishowe.

"Zote," nikamjibu. "Na mkanda nilikuwa nauchomoa mwenyewe."

"Na mimi nilikuwa nalalamika kwamba mashine za zamani hazina maana."

Akajifuta macho kwa nyuma ya kiganja, kama afanyavyo akitoka zamu. Kisha ile sauti ya wodini ikarudi, safari hii kwa mzee wa watu.

"Presha yako ikoje?"

"Nzuri, binti."

"Dawa unakunywa kwa wakati?"

"Kwa wakati."

"Basi mchukue. Ila uwe macho, ana tabia ya kuchomoa vitu."

Tukafunga ndoa mwezi uliofuata, sebuleni kwangu, watu wachache, gauni nimeshona mwenyewe. Pindo halikufumuka.

Alhamisi ya kwanza, saa tisa, tulikuwa tumekaa pamoja kwenye kochi, miguu yangu mapajani mwake, santuri inapiga. Upande ukaisha. Sindano ikabaki inazunguka pale mwisho, kr, kr, kr.

"Inuka ukaitoe," nikamwambia.

"Inuka wewe. Si unajua?"

"Najua. Ndiyo maana siinuki."

Kr, kr, kr.

"Sindano itachakaa, mke wangu."

"Ichakae. Humu ndani kuna fundi."

Akacheka taratibu, kama afanyavyo kila kitu, na hakuinuka mtu.