Kiazi Alichong'oa Nduta

Saa kumi na mbili jioni Nduta alimfunga Kui mgongoni kwa leso, akachukua jembe, akaenda kuchimba mzizi. Mtoto alikuwa na miezi saba, na homa yake ilikuwa imekataa dawa siku ya nne sasa.

Jirani yake, Mama Parsaoti, Mmaasai aliyewaletea kikombe cha maziwa kila asubuhi bila kuitisha kitu, alikuwa amemwelekeza vizuri. Apite ploti za mwisho za Kitengela, atafute mgunga uliofunikwa na mmea wa porini. Mmea wenyewe shina lake ni laini kama la malenge, hupanda kwa nyuzi nyembamba zinazojiviringa kwa chochote zinachogusa. Kiangazi hufa wote juu, kikabaki kiazi ardhini. Akate nusu, nusu aiache, afukie shimo.

Ilikuwa Septemba, nyasi zimekauka hadi mizizi.

Mmea ulikuwa kijani.

Kiazi kilikuwa kikubwa kama kichwa cha mtoto... na kilikuwa na joto. Nduta akamkumbuka Namalwa, mpangaji wa mlango wa pili, ambaye mtoto wake pia aliugua. Nusu haingetosha wawili. Akang'oa chote, akakimbia giza, shimo likabaki wazi.

Alikichemsha, akawanywesha watoto wote wawili, wakapoa. Wa Namalwa aliamka akicheka. Kui hakulia. Siku ya kwanza Nduta alimshukuru Mungu. Siku ya tatu alimfinya paja, akiona uchungu yeye mwenyewe. Mtoto alimtazama tu. Mwili ulikuwa baridi, ukinuka udongo mbichi.

Mama Parsaoti alimnusa, akauliza kama aliacha nusu. Nduta akamweleza yote. Jirani hakumgombeza. Alijitanda shuka, Nduta akambeba mtoto na jembe, wakaenda pamoja kabla jua halijazama.

Shimo lilikuwa limefukiwa. Kituta kifupi, kimelainishwa kwa viganja.

Kisha... kilio.

Kilitoka chini. Nduta alikijua. Kui alilia hivyo akiamka na njaa, kwanza akikwama, kisha akiachilia.

Hakuhisi mikono yake. Aliona tu jembe limeinuka.

"Mama Kui," Mama Parsaoti akanong'ona. "Huu mmea ni mama. Ulichukua mtoto wake, akachukua wako. Ukifukua, atataka wake."

"Nitamrudishia."

"Huyo umemnyonyesha siku tatu. Utamfukia udongoni akikutazama?"

Jembe likabaki hewani. Mgongoni, shavu baridi likamlalia. Sauti ndogo, ambayo hajawahi kuisikia, ikasema:

"Mama."

Nduta alishusha jembe polepole.

Mama Parsaoti akalichukua, akambebea. Kilio kiliwafuata mpaka taa za ploti za kwanza. Njia nzima Nduta alikuwa akimtikisa mtoto wa mgongoni, akimwambia nyamaza, nyamaza, na mtoto huyo alikuwa amenyamaza.